Kimondo Apanda Lori

Kufikia umri wa miaka ishirini na sita, Kimondo alikuwa akiendesha magari ya kiti kimoja, yale ya chini chini ambayo dereva hulala ndani kama yuko kwenye karai la kuogea. Msimu wa pili alishika nafasi ya tatu. Wiki iliyofuata, kiti chake kikapewa mtoto wa mwenye kiwanda cha magodoro, bingwa wa kumaliza wa mwisho.

"Kijana ana kipaji cha uvumilivu," mkuu wa timu alimweleza, macho yakiwa kwenye simu.

Kaka yake, aliyejipachika umeneja siku gazeti lilipotoa picha ya Kimondo, aliwaita waandishi gereji. "Dada yangu mdogo hajaachwa," alisema, tai imemkaba. "Ameyazidi yale magari. Sasa anaingia mbio za barabara za vumbi, za watu wazima."

Huko wafadhili walikuwa wauza rangi, na sharti lao lilikuwa moja tu: msoma ramani awe shemeji ya mkurugenzi. Shemeji alikuwa mtu mpole, mwenye adabu zake, ila gari likizidi mwendo wa baiskeli alifumba macho. Kwenye mashindano ya pili akapaza sauti, "Kulia kali, kanyaga!" Kimondo akakata kulia, akakanyaga. Wakajikuta katikati ya shamba la alizeti.

"Kona iko wapi, shemeji?"

Shemeji akafungua jicho moja, akageuza karatasi. "Samahani, dada. Hiyo ilikuwa ya jana."

Kaka aliwaambia waandishi kuwa ile ni mbinu mpya. Wauza rangi hawakuielewa. Kimondo akakaa nyumbani miezi saba, akisafisha kofia yake ya mbio isiyo na vumbi, mpaka alipopigiwa simu na fundi mmoja, mama wa makamo aliyeunda malori ya mashindano.

"Nina lori, sina dereva," mama alisema. "Na shemeji sina."

Kaka akashika kichwa. "Lori? Nitawaambia nini watu?"

"Waambie ni lori."

Siku ya kwanza Kimondo alipanda ngazi tatu kufika kwenye usukani. Akaona uwanja mzima mbele yake, mpaka kona ya mwisho. Lori lilipoguruma, akacheka peke yake kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ndani ya gari la mbio. Msimu ule alishinda mara nne na kuchukua ubingwa.

Mama yake mzazi alikuja kutazama mbio za mwisho. "Hongera, mwanangu. Lakini linazunguka hapo hapo tu, mzigo linapeleka wapi?"

"Halina mzigo, mama."

"Ahaa. Ndiyo maana linakimbia."

Pembeni, kaka alikuwa akiwaeleza waandishi jinsi wazo la lori lilivyomjia. Kimondo alimsikia, akamwacha. Alilala chini ya lori pamoja na fundi, wakikagua breki.