Kimo cha Mnara

Na ijulikane kwa wote, waliopo na watakaozaliwa, kwamba habari hii inahusu mapinduzi makubwa katika fikra za binadamu. Yalianzia stoo ya mashuka, Matroni wa bweni akitafuta foronya.

Binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Mimba ilikuwa ya taabu, na daktari alishasema asiachwe peke yake. Matroni aliomba ruhusa. Mkuu wa shule, ambaye wanafunzi walimwita Mnara kwa kuwa kila mlango aliingia kwa kuinama, alimsomea kanuni: muhula ukiendelea, mtumishi hatoki getini ila ameambatana na mkuu.

Chini ya mashuka Matroni akakuta kitabu kisicho na jalada, cha kuwafundisha watu kuyamudu maisha. "Tatizo lako ni kubwa kwa sababu umelibandika usoni," kilisema. "Keti. Pumua. Lisogeze mbali hadi lionekane dogo." Matroni, ambaye kwa miaka hakuwa amesoma kitu zaidi ya maelezo ya dawa ya chawa, aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akasoma sura ya kwanza, akapumua. Jioni ile alikula akamaliza sahani.

Asubuhi Mnara aliingia ofisini bila kuinama.

Fundi cherehani alimpunguzia suruali, kazi ikaendelea. Matroni naye aliendelea kusoma, sura baada ya sura, na kifua kikazidi kuwa chepesi. Mnara akafikia kimo cha ufagio, kisha cha birika, kisha cha mche mfupi wa sabuni. Kwenye gwaride naibu wake alimbeba kwa kisahani na kumsogeza kwenye kipaza sauti. Udogo haukumpunguzia madaraka hata chembe. Waliochelewa walifyeka nyasi vilevile.

Siku simu ilipokuja kwamba binti ameshikwa na uchungu, Matroni alikwenda ofisini moja kwa moja. Mnara alikuwa ameketi juu ya kifutio.

"Mkuu, mwanangu yuko leba. Naomba niende."

"Hilo tulishalimaliza, Matroni. Hapana."

"Hana mtu, mkuu."

"Nami nina shule nzima. Kanuni ni kanuni. Hutoki bila mimi."

Matroni hakukasirika, hasira zilikwisha kwenye sura ya nne. Alifungua mkoba, akasogeza soksi za kichanga, akamwinua mkuu kwa ukosi wa koti na kumlaza katikati ya soksi hizo.

"Unafanya nini, mama?"

"Natii kanuni, mkuu. Kaa vizuri, kuna pini humo."

Getini mlinzi aliuliza kama ameambatana na mkuu. Matroni akafunua mkoba. Mlinzi akaupigia saluti, akafungua geti.

Njia nzima sauti nyembamba ilisema hapana. Ilisema hapana kwenye basi, ikasema hapana wodini, na ilikuwa bado inasema hapana wakati mjukuu, msichana mwenye mapafu ya mchuuzi wa samaki, alipolia kwa mara ya kwanza, bibi yake ameushika mkono wa mama yake.

Waliporudi, Mnara alizikata siku zile kwenye likizo ya Matroni. Kisha akamnyima mpishi ruhusa ya kwenda kumuuguza mama yake. Matroni alikifuta kitabu vumbi, akakipeleka jikoni.

"Soma kwanza, ndugu yangu, upate kupumua," alisema. "Mkoba nitakuazima."

Limebaki jambo moja. Sura ya mwisho, inayoeleza namna ya kukirudisha kitu kwenye kimo chake, imekatwa kwa wembe. Nani aliyeikata, na nani aliyekiweka kitabu chini ya mashuka ili Matroni akikute, historia haijui.

Ila sasa hivi Matroni anakagua bweni, na ameinua godoro langu.

Haya, historia inajua. Ni mimi, Matroni.

Amezisoma kurasa zile zilizokatwa akiwa amesimama, mpaka mwisho. Amezikunja, akazirudisha palepale, akashusha godoro.

"Tandika vizuri," amesema. "Pasionekane uvimbe."