Kiuno cha Bomba

Mshonaji huyu alikuwa na ugonjwa wa washonaji wote: njoo kesho. Suruali ya bwana harusi, njoo kesho. Sare ya mtoto, njoo kesho, mpaka mtoto anahama darasa. Basi malipo ni hapa hapa duniani, maana sasa fundi bomba wa kumfungia koki ya bustani naye alikuwa amemwambia naja kesho mara nne. "Kesho asubuhi na mapema, kaka, ondoa shaka," na asubuhi yenyewe haikufika.

Na safari hii jambo halikuwa la mchezo. Mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea wiki tatu nyuma, alikuwa amelima matuta manne ya mboga nyuma ya jiko, na kila jioni alibeba maji kwa ndoo kutoka ndani, goti lake bovu likilia ko, ko, ko. Ijumaa alitangaza kwamba Jumapili anarudi kwake. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Jembe mmenipa, ahsanteni. Maji je? Mimi sikai mahali mboga zangu zinakauka nazitazama."

Mke wa mshonaji alilia. Majirani walimpa mshonaji pongezi: mkwe anaondoka, hongera bwana! Hawakujua. Mwanamume huyu alifiwa na mama yake akiwa na miaka sita, na kwa wiki hizi tatu mama mkwe alikuwa akikaa kando ya cherehani, akimsaidia kufumua mishono na kumsimulia utundu wa mkewe alipokuwa mdogo. Alikuwa ameonja kitu alichokikosa maisha yake yote. Hakutaka aende, basi.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi aliamua kufunga koki ya bustani mwenyewe. Mwashi aliyejenga nyumba alikuwa ameacha kipande cha bomba kimechomoza ukutani nje ya jiko, kimezibwa kwa kofia ya chuma. Ni kutoa kofia, kufunga koki, kwisha kazi. Mshonaji akavua futi yake shingoni, akalizungushia bomba, akakunja uso. "Kiuno inchi mbili na nusu na ushee," akajiambia. "Tuongeze kidogo lipumue. Tatu."

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama mmoja mwenye miwani kwenye paji la uso, alimtazama mara mbili. "Inchi tatu? Una hakika?"

"Dada, napima watu mwaka wa ishirini huu. Sijawahi kukosea kiuno."

"Koki ya inchi tatu sina, labda uwaulize watu wa zimamoto. Soketi ya kuunganishia ninayo. Anza na hiyo."

Nyumbani, alipolivisha bomba ile soketi, ilining'inia kama bangili ya mtu mzima mkononi mwa kichanga. Mama mkwe alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kushika. "Baba, gauni limempwaya mwenyewe!"

"Nitalipunguza," mshonaji akajibu kwa mazoea, kisha akaona haya.

"Utapunguza chuma? Funga maji pale kwenye mita, toa hiyo kofia, twende nayo dukani. Mtu akinunua kiatu si anakwenda na mguu?"

Wakaenda wote wawili, polepole kwa ajili ya goti. Mwenye duka akaichukua kofia, akaijaribu kwenye kipande cha bomba kilichokuwa mezani, ikaingia bila ubishi. "Nusu inchi," akasema.

"Nusu! Mbona mimi nimepata mbili na nusu na ushee?"

"Kwani ulipimaje?"

Mshonaji akavua futi, akalizungushia lile bomba la mezani, akabana kwa vidole viwili. Duka zima likaangua kicheko. Mwenye duka alifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Jamani, kaka yangu! Bomba halina kiuno! Hesabu ni ya tundu, pale yanapopita maji." Akaweka koki mezani. "Haya, hii ni dume, meno yake yako nje. Na bomba lako la ukutani, dume au jike?"

Aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mshonaji akainamisha kichwa. Mambo ya madume na majike mbele ya mama mkwe, loo, si bora ardhi ipasuke!

"Dume," mama mkwe akajibu mwenyewe, mkavu kabisa. "Meno nimeyaona yako nje. Na dume kwa dume hawashikani, au nakosea? Tupe kiungo chenye ujike pande zote mbili."

"Soketi ya nusu inchi," mwenye duka akasema kwa adabu. "Mama, hutafuti kazi?"

Wakarudisha soketi kubwa waliyokuja nayo, wakachukua ndogo, koki, na tepu nyeupe ya kuzuia kuvuja, wakarudi nyumbani. Kwenye tepu ndipo mshonaji alipojikomboa. Aliizungusha juu ya meno kufuata upande wa kukazia, mara kumi, bila mkunjo hata mmoja. Hapo hakuhitaji mwalimu. Akakaza soketi, akakaza koki, mdomo wake ukaangalia chini sawasawa. Mama mkwe akaenda mwenyewe kufungulia maji. Koki ikakohoa, ikatema kutu, kisha maji yakaja, safi, mengi, na kwenye maungio hapakuvuja tone.

Mama mkwe alikinga maji, akanawa uso, akayazunguka matuta yote manne akikagua. Mshonaji alitaka kuuliza habari za Jumapili, lakini akajishughulisha na kupangusa koki.

"Moja haitoshi," mama mkwe akasema hatimaye, akionyesha kona ya mbali, penye ukuta wa jirani. "Kule nako nataka maji. Nitapanda mchungwa, wa mbegu."

"Wa mbegu?" mshonaji akauliza taratibu. "Mama, si unachukua miaka saba, minane mpaka uzae?"

"Kwani mimi nina haraka ya kwenda wapi?"

Mshonaji aliingia ndani mbio kumwita mkewe, na matope yote miguuni.