Mama Laurensia na Utenzi wa Mpagazi

Alhamisi ile sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya kwa Genoveva, pale Kibaha, naye kwa kupenda wageni hajambo: saa nane tu viti vilishaazimwa nyumba tatu. Kilichomkaa kooni ni mkwewe. Tangu apooze na kuletwa kutoka Kisarawe, Mama Laurensia sala zote zilikuwa zimemtoka kichwani. Baba Yetu hana, Salamu Maria hana. Umebaki utenzi mmoja wa kale, aliofundishwa utotoni na jirani yao Mwislamu, mama wa Biubwa, wakitwanga mpunga. Ukimsemesha, anakujibu kwa ubeti.

“Mama Dina,” mwenyekiti wa jumuiya, Sebastian, alimvuta Genoveva pembeni, “leo mama apumzike chumbani. Utenzi wenyewe unaanza na bismillahi. Watu watasemaje?”

“Watu? Wewe mwenyewe wameshakusema ukapona.” Genoveva akashusha sauti. “Mimi nimeusikiliza wote, mwenyekiti. Ni mpagazi kaugulia njiani, anamwomba Mungu amrudishe kwao. Zaburi zetu zinaomba nini kingine?”

“Sala ina utaratibu wake.”

“Na mama ana watu wake. Nikimfungia ndani nitakuwa nimemzika.”

Akamkalisha mbele, kitenge kipya kiunoni. Lakini moyoni alijua: wakimcheka leo, hatakuwa na ubavu wa kumtoa tena.

Rozari ikaisha salama. Watu wakafumba macho kungoja litania na viitikio vyake, na kabla kiongozi hajafungua mdomo, Mama Laurensia akaanza, kwa mahadhi yake ya kinuni. Bismillahi ikapita, ukafuata ubeti:

*Ewe Mola msikizi,*
*nitazame mpagazi,*
*safari tena siwezi,*
*nifikishe kwetu pwani.*

Sebastian akakohoa. Yasinta, anayeongoza viitikio, aliyezoea kwamba sauti ikishuka ni zamu ya watu, akaitikia macho yakiwa yamefumbwa vilevile: “Utuhurumie.” Na kina mama, ambao popote Yasinta anapokwenda wapo nyuma yake, wakaitikia naye.

Mmoja akabana kicheko. Genoveva akaukaza mkono kwenye kiti cha mkwewe.

Ila Mama Laurensia aligeuza shingo. Miezi saba alikuwa akiuambia ukuta beti zake. Akawangoja wamalize, akatoa ubeti wa pili, akanyamaza, akawatazama.

“Utuhurumie.”

Kufika ubeti wa kumi yule wa kicheko alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya khanga, na besi ya Sebastian ilikuwa imeingia, kwanza kwa wizi, halafu waziwazi. Mpagazi aliugua, akabebwa, akaiona minazi ya kwao. Chai ikapoa na hakuna aliyeiulizia.

Wakati wa kuaga walimpitia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo mama, na kila mmoja akapewa ubeti wake. Sebastian alikuwa wa mwisho. Alipoinama kumpa mkono, mama akaushika, akaanza upya kabisa, kuanzia bismillahi.

Genoveva akafungua mdomo amwombee radhi.

“Mwache,” Sebastian alisema. Akavuta kiti, akakaa.