Nyumba ya Mguu wa Kushoto

Ramula alikuwa akichemsha glavu juu ya sigiri, nje ya mlango wa wodi ya wazazi, Geresom alipomletea barua. Glavu zenyewe zilikuwa za kuvaliwa mara moja na kutupwa. Hizi zilikuwa zikivaliwa tangu Jumatatu. Aliziopoa moja moja, akazipuliza kutafuta matundu, akazianika kwenye kamba. Ndani, mwanamke wa Nakaloke aliyejifungua alfajiri alikuwa amelala sakafuni juu ya leso yake mwenyewe. Magodoro yaliondoka na askari waliokuwa wakikimbia, na wale waliokuja baada yao hawakuyarudisha.

"Sista, isome sasa hivi," Geresom alisema. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa hospitali hiyo ndogo, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Mikono yangu imelowa. Nisomee."

Alisoma haraka, macho yake hayakuinuka kwenye karatasi. Kamati ya Mapokezi ya Kombe imeamua kumzawadia kijana Faraj, winga wa kushoto, nyumba nambari nne ya wafanyakazi wa hospitali. Anayekaa humo aondoke kabla ya Jumamosi saa sita mchana.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Anayekaa humo ni mimi," Ramula alisema.

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

"Na mama yangu nimpeleke wapi?"

"Sista, usinitwishe mimi hayo. Kijana ametuletea kombe kutoka Jinja. Jina la mji wetu wa Mbale limesomwa redioni."

"Mimi mwezi uliopita nimepokea watoto sitini."

Geresom alizitazama glavu zinavyodondosha maji kwenye kamba. "Watoto huzaliwa hata porini," alisema. "Goli kama lile halijaonekana tangu vita vianze."

Nyumba nambari nne ilikuwa na vyumba viwili. Ramula hakuirithi, wala hakuiomba. Mwanzoni mwa 1986, serikali moja ikiwa inakimbilia kaskazini na nyingine haijafika, wakunga wenzake watatu walijificha vijijini, yeye akabaki. Daktari akampa ufunguo wa nyumba ambayo haikuwa na mlango. Ramula aliuza cherehani yake akanunua mlango. Matundu ya risasi kwenye mabati aliyaziba mwenyewe kwa lami, amekaa juu ya paa kama fundi, huku wapita njia wakimcheka.

Kisha akamleta mama yake, Khadija, kutoka Mafubira. Huko Khadija alikuwa ameishi peke yake tangu 1979, mwaka ambao majirani waliamua kwamba kila Mnubi alikuwa askari wa utawala ulioanguka, wakambebea hata fremu za madirisha. Babu wa ukoo wao aliletwa na Waingereza kutoka Sudani akiwa na bunduki begani. Wajukuu hawakuwahi kuigusa, lakini waliendelea kuulizwa iko wapi. Sasa Khadija alikuwa amepooza upande mmoja. Mshahara wa binti yake uliwatosha wiki moja. Wiki tatu zilizobaki waliishi kwa sababu nyumba ilikuwa ya bure.

Alhamisi Ramula aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda kumwona mwenyekiti wa Kamati. Afande Isabirye alikuwa katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, ameweka miguu juu ya kiti cha wageni. Hakuiondoa.

"Wewe ndiye yule Mnubi wa hospitali?"

"Mimi ni mkunga wa hospitali, Afande."

"Sijauliza kazi."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi, cha kuamrisha. Ramula alikijua vizuri. Wodini alikuwa amejifunza kusema Kiswahili polepole, tena akitabasamu, kwa kuwa wanawake wa vijijini wakikisikia waliyakumbuka mabuti.

"Afande, kijana anastahili zawadi. Sikatai. Lakini apewe pesa."

"Pesa hakuna. Nyumba iko."

"Ni nyumba ya wafanyakazi."

"Yeye hafanyi kazi?"

"Anafanya. Ila akiugua siku moja, hakuna anayekufa."

Isabirye aliinama mbele. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayejali neno lililosemwa. "Nyabo, mama, sikiliza. Watu hawa kila siku wanazika. Siku ile goli lilipoingia, niliona watu waliokuwa wakitafutana kwa mapanga wakikumbatiana. Niliona kwa macho yangu. Wewe unaweza kuwafurahisha watu elfu kumi kwa dakika tisini?"

"Hapana. Mimi nawahudumia mmoja mmoja."

"Basi watakulipa mmoja mmoja." Alirudi nyuma kitini. "Na jambo jingine. Huko Teso kuna waasi. Kila siku tunajiuliza nani anawapelekea dawa. Mimi sipendi jina la mama mzima kama wewe litajwe katika mambo hayo."

Ramula alishuka ngazi, akarudi wodini.

Ijumaa baada ya swala, Isabirye alimleta Faraj kuiona nyumba. Khadija alikuwa amelala mkekani sebuleni. Wanaume hao wawili walimruka. Isabirye aligonga kuta kwa kidole, akafungua na kufunga mlango mara mbili, akausifu.

Faraj alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, amevaa viatu vipya vilivyombana. Alipomwona Ramula alisimama wima kama mwanafunzi.

"Shikamoo, Sista. Hunikumbuki?"

Ramula alimkumbuka. Alimkumbuka tangu jina lake liliposomwa kwenye barua. Aliletwa ndani ya blanketi wakati wa mapigano, kipande cha bomu kimezama kwenye shavu la mguu wa kushoto, na daktari alishaagiza msumeno. Ramula ndiye aliyeomba apewe siku tatu. Siku tatu zikawa wiki tisa za kuosha usaha kwa maji ya chumvi.

"Unakanyaga vizuri?" aliuliza.

"Vizuri kabisa. Sista ndiye aliyeuokoa mguu huu, Afande. Walikuwa wanataka kuukata."

Isabirye alicheka mpaka akajishika tumbo. "Kumbe! Basi Sista amejifukuza mwenyewe, kwa mikono yake."

Faraj hakucheka. Isabirye alipotoka nje kuangalia jiko, kijana alishusha sauti. "Sista, sikuomba nyumba. Niliomba mshahara. Msimu mzima tunapewa soda na nauli. Sasa nikiikataa, wataniweka benchi, na mguu huu una miaka mingapi iliyobaki? Mitano?"

"Kwa hiyo unaichukua."

"Nifanyeje?"

"Usiniulize mimi. Mimi nilishafanya la kwangu."

Faraj alimwangalia Khadija pale mkekani, kisha Isabirye akamwita, akaenda.

Chumba walichopata kilikuwa mtaa wa Namakwekwe, nyuma ya kinu cha mahindi, choo kimoja kwa familia saba. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu. Ramula alimpa mwezi mmoja na bangili za mama yake.

Jumamosi asubuhi walimpandisha Khadija kwenye mkokoteni, kati ya godoro na masufuria. Mvutaji alitaka kupita uchochoroni, lakini uchochoro ulikuwa tope tupu baada ya mvua, wakalazimika kushika barabara kubwa. Huko watu walikuwa wamejaa pande zote mbili. Polisi waliusukuma mkokoteni pembeni, gurudumu moja likaingia mtaroni, ukasimama umeinama.

King'ora kilisikika kutokea upande wa barabara ya Jinja. Lilikuwa gari la wagonjwa, lile moja tu la hospitali, limeoshwa na kupambwa kwa majani ya migomba. Faraj alikuwa amesimama juu yake akiinua kombe. Geresom alikuwa ameketi mbele, karibu na dereva. Umati ulinguruma. Mwanamke mmoja alivua kitambaa chake cha kichwa akakirusha hewani, akilia kwa furaha.

Afisa wa polisi alikuwa akipita kando ya mtaro na fimbo, akihakikisha kila mtu anashangilia. Alifika kwenye mkokoteni.

"Bibi, piga makofi."

Khadija alimtazama tu.

"Ni mgonjwa, afande," Ramula alisema.

"Wagonjwa wako hospitali. Hapa ni watu wa kushangilia." Aligonga ubao wa mkokoteni kwa fimbo, sentimita chache kutoka goti la mwanamke mzee. Hakupandisha sauti. "Piga makofi."

Gari lilikuwa linakaribia. Ramula aliingia mtaroni mpaka magotini, akaushika mkono wa mama yake ule uliokufa, baridi na mzito, akauinua, akaugonga kwenye mkono mwingine.

"Tena," yule polisi alisema.

Akaugonga tena.