Kibao Baada ya Kona

Mpima barabara alitilia shaka kila kitu isipokuwa kazi yake mwenyewe. Alizitilia shaka taarifa za redio, dawa za kikohozi, hotuba za wakubwa na saa ya ukutani ofisini, ambayo kwa kweli ilikuwa mbovu. Wenzake katika idara ya barabara walimwita Bwana Sentimita. Hakuwahi kuwauliza kama ilikuwa sifa au kejeli, kwa kuwa jibu lisingebadilisha kipimo chochote.

Kipimo kimoja tu kilimchukua miaka sita kukitilia shaka waziwazi.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, alifia kwenye kona ya mlimani akiwa anashuka kurudi nyumbani. Ilikuwa mchana kweupe, barabara kavu, gari zima. Ripoti iliandika mwendo kasi, na ukoo ukaipokea bila ubishi, maana marehemu alikuwa mtu wa haraka hata pale alipokuwa hana pa kwenda. Mjane alirudi kwenye duka lake la miwani, akaendelea kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama na kunyoosha miguu ya fremu za watu wanaozilalia.

Kisha Jumapili moja, akikunja nguo zilizoanuliwa, alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Kaka, siku ile ni mimi niliyempigia simu. Mtoto alikuwa na homa. Yeye alitaka kulala huko huko, aje kesho yake. Nikamwambia njoo leo leo, usiniachie mgonjwa peke yangu."

"Homa ni homa," alijibu kaka mtu. "Mama yeyote angepiga."

"Ilishuka kabla ya jua kuzama. Nimemuua mume wangu kwa homa ya nusu siku." Akaweka shati juu ya shati, akalinganisha mikono. "Wewe usijisumbue kunijibu. Nimeshazoea kukaa nalo."

Kaka mtu alichukua shati lililofuata, akampa. Shaka ilikuwa imemjia tangu mazishini, akaikalia kama mtu anavyokalia barua asiyotaka kuifungua. Sasa aliona kwamba muda wote huo kuna mwingine aliyekuwa akiulipia ukimya wake.

Jumatatu aliomba likizo ya siku tatu. Karani wa ofisi, mama mmoja aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko mikono, aliishika fomu kwa vidole viwili.

"Bwana Sentimita likizo! Leo jua limechomoza upande gani? Unakwenda wapi?"

"Mlimani."

"Na nani?"

"Na gari."

"Basi liambie gari lisikuache huko," alisema karani, akagonga muhuri.

Aliondoka alfajiri. Tambarare ilikwisha baada ya mwendo wa saa mbili, na barabara ikaanza kupanda kwa mizunguko aliyoijua kwa namba bila kuwahi kuifurahia kwa macho. Malori yalipanda mbele yake kwa gia ya kwanza, yakitoa moshi mzito na mlio wa mgonjwa anayejivuta kitandani. Masikio yaliziba, yakazibuka, yakaziba tena. Ukungu ulikaa mabondeni, na juu yake miteremko ilionekana imeelea bila kushikwa na kitu. Watu husema milima humtuliza mtu. Yeye aliona mawe mengi, maji yanayotafuta pa kupita, na mitaro ambayo haikuwa imezibuliwa tangu msimu uliopita. Hakutulia hata kidogo.

Alilolibeba moyoni lilikuwa dogo na la kiofisi. Mwaka ule wa ajali barabara ilikuwa imekatiwa njia fupi kule chini, mwanzoni kabisa, ikapungua mita mia nne. Tangu hapo kila jiwe la kilomita, hadi kileleni, likawa linazidisha mita mia nne mpaka litakapoandikwa upya. Ofisini hesabu mpya ilianza siku ile ile. Mlimani mawe yaliwasubiri wapaka rangi, nao wapaka rangi walisubiri rangi. Ndiyo maana idara ilikuwa na sharti moja: juu ya kila orodha ya vibao iandikwe kama hesabu yake ni ya mawe mapya au ya mawe ya zamani. Mpima barabara aliiandika orodha ya mlima kwa hesabu mpya, na juu yake hakuandika kitu. Ofisi nzima ilikuwa ikijua. Waliopanda kwenda kuchimbia nguzo hawakuwa ofisi nzima. Kama walizifuata namba zake kwa mawe ya zamani, basi kila kibao kilisimamishwa mita mia nne chini ya mahali pake.

Alipofika konani aliegesha, akavaa fulana yake ya kung'aa, akashusha gurudumu la kupimia. Upande wa juu, mita mia na hamsini kabla ya kona, mahali ambapo dereva anayeshuka alipaswa kuonywa, palikuwa na nyasi. Aliizunguka kona kwa miguu, akashuka akihesabu kuanzia katikati ya kona. Kibao kilisimama mbele yake, kimenyooka, kimeoshwa na mvua, mshale mweusi uliopinda juu ya rangi ya njano. Kilikuwa kinamtazama mtu ambaye kona imekwisha kumpita. Gurudumu lilisema mita mia mbili arobaini na tisa. Alirudia. Mia mbili hamsini na moja. Pamoja na zile mia na hamsini za juu, ilikuwa mia nne yake.

Ng'ambo ya barabara mama muuza chai alikuwa amemwangalia akienda na kurudi.

"Wewe ni wa serikali?" aliuliza.

"Ni wa barabara."

"Ahaa. Sisi hicho tunakiita Kibao cha Pole. Vibao vingine vinasema angalia. Hicho kinangoja upite, kikuambie pole."

"Hamkuwaambia wahusika?"

"Tuliwaambia waliokuja kuchora mistari. Wakasema wao ni wa rangi, si wa vibao." Akammiminia chai bila kuulizwa. "Wenyeji tunajua, tunashuka polepole. Wageni ndio huwa tunasikia kishindo chao. Mbona hunywi, baba? Chai yangu ina nini?"

Aliinywa yote, ikamuunguza. Marehemu alikuwa mgeni pale.

Aliporudi mjini maisha yalimpokea bila kumwuliza habari za safari. Saa mbovu ilikuwa palepale ukutani. Alichonga penseli, akaweka sahihi, akanunua mkate jioni. Siku ya tatu aliingia kwa mkuu wa idara, kijana msafi aliyempita cheo na kumheshimu kwa umri, akamweleza yote. Mkuu alifunga mlango.

"Mzee wangu, umebakiza miezi saba ustaafu. Kibao tutakihamisha chini ya matengenezo ya kawaida. Hayo mengine yaache. Marehemu hatafufuliwa na karatasi."

"Sikuomba afufuliwe."

"Basi tumeelewana."

Kibao kilihamishwa ndani ya siku kumi na moja, kasi ambayo idara haikuwa imewahi kuifikia kwa jambo lolote la halali. Mpima barabara alitarajia kupata nafuu. Hakuipata. Kila Jumapili alikwenda kwa mdogo wake akiwa na maneno yaliyopangwa, kisha akaomba spana, akaingia jikoni kutengeneza bomba linalovuja. Alibadilisha mpira wa bomba mara tatu. Bomba lilikuwa limepona tangu mara ya kwanza.

"Kaka, hilo bomba limekukosea nini?" aliuliza mdogo wake.

Wiki ya sita alimfuata dukani, saa ya chakula cha mchana, wateja wakiwa wamekatika. Kabla hajaketi, mdogo wake alimvua miwani usoni.

"Imepinda. Umelala nayo tena, wewe mzee usiyesikia."

Bila miwani uso wa mdogo wake ulikuwa doa tu nyuma ya kaunta, na pengine ndiyo sababu kaka mtu aliweza kusema. Alisema tangu mwanzo: njia fupi, mawe, orodha, kibao. Mlio wa bisibisi ulikoma katikati.

"Rudia," alisema mdogo wake.

Akarudia, pamoja na mita.

"Umejua tangu lini?"

"Kwa kupima, wiki sita. Kwa kushuku, tangu mazishini."

"Mazishini ulisimama karibu yangu."

"Ndiyo."

"Ukanishika mkono."

"Ndiyo."

"Miaka sita namwomba radhi mtu aliyekufa," alisema, "na wewe unakuja kwangu kula na kuniambia homa ni homa." Akaisukuma miwani juu ya kaunta, bado imepinda. "Toka, kaka. Nina mteja."

Dukani hapakuwa na mtu mwingine.

Mdogo wake hakumwita Jumapili ile, wala iliyofuata. Naye hakuthubutu kwenda. Aliisoma dunia kupitia vioo vilivyokaa upande, na hakumpelekea fundi mwingine yeyote miwani ile.

Jumatatu ya tatu, saa nne asubuhi, mdogo wake aliingia ofisini akiwa na koti lake jeupe la dukani. Alimpita karani, akavuta kiti, akaketi mbele ya meza ya kaka yake.

"Nimekwenda polisi kuisoma ripoti. Imeandikwa mwendo kasi. Wameniambia haiwezi kubadilishwa mpaka idara yenu iandike. Andika."

Mkuu wa idara alitokea mlangoni. "Mama, mambo haya yana utaratibu wake."

"Utaratibu ndio ulionileta hapa, mwanangu. Nimeufuata mpaka kwenye kiti hiki."

Karani aliacha kuchapa. Mpima barabara alivuta karatasi yenye nembo ya idara, na mkuu akaondoka pasipo kukataza wala kuruhusu. Mpima barabara aliandika kwa mkono. Aliandika tarehe ya orodha, akaandika kwamba yeye ndiye aliyeiandaa na kwamba hakuonyesha ni hesabu ya mawe yapi. Aliandika mahali kibao kilipopaswa kuwa na mahali kilipokutwa. Akamalizia: huenda kosa hilo lilichangia ajali. Akaweka jina lake lote.

Mdogo wake alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, kikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Toa huenda."

"Mdogo wangu, hapo nasema kweli. Hakuna anayejua alikuwa na mwendo gani. Hata kibao kingekuwa mahali pake, hakuna awezaye kuapa kwamba..."

"Mimi nilipojihukumu, nani aliniletea huenda?"

Hoja ya kaka mtu ilikuwa sahihi, na hilo alilijua. Alijua pia kwamba kwa miaka sita usahihi huo alikuwa amejiwekea yeye mwenyewe, bila kumgawia mwenziwe hata chembe.

Idara haipokei barua iliyofutwafutwa. Aliikunja ile, akachukua karatasi nyingine, akaanza upya kuanzia tarehe, huku mdogo wake akisoma kila neno kadiri lilivyotoka.