Sauti ya Nanyokie

Jumamosi saa kumi alasiri, mwaka ule askari waliporudi kutoka vita vya Uganda, Naipanoi alifika ofisi ya wilaya akiswaga dume, kibuyu begani. Ukungu wa Ngorongoro ulikuwa umeshuka hadi kwenye bendera. Alitaka dume achukuliwe, arudishiwe ng'ombe wake Nanyokie, aliyetolewa juzi kuwa mchango wa hiari wa sherehe. Hiari hiyo ilikuja na bunduki mbili. Tena Nanyokie alikuwa na ndama wa siku tisa, na Mmaasai hachinji ng'ombe anayenyonyesha.

"Pole, yeyo," alisema karani Josephati, mtu wa Kilimanjaro aliyejua kuwaamkia akina mama wa Kimaasai. "Ameshaliwa."

"Na ndama yangu itanyonya nani?"

"Huyo dume mwache hapa. Tutampokea."

Ngozi ya Nanyokie ilikuwa imewambwa nyuma ya jiko. Naipanoi akaketi chini.

Uwanjani, Wilibrodi, mpiga tarumbeta wa jazi aliyevuma kutoka Arusha hadi Dar es Salaam, alimaliza nyama yake, akapanda jukwaani, akapuliza. Ikatoka sauti ya Nanyokie, ile ya jioni akimwita ndama. Wilibrodi aliikung'uta tarumbeta, akapuliza tena. Ikawa ile ile. Magitaa yakaifuata, na askari wakacheza.

Saa ya kukama ilikuwa imefika. Naipanoi alipiga goti mbele ya tarumbeta, akaimba jina la ng'ombe wake, kwani Nanyokie hakuwahi kuachia maziwa bila kuimbiwa. Maziwa yakashuka, ya moto, yana povu. Mke wa mkuu wa wilaya alisogeza kiti ili asirukiwe. Kibuyu kikajaa.

Getini Josephati alimzuia. "Yeyo, kilichotoka humu ni mali ya serikali." Aliyamimina kwenye birika la chai, akamrudishia kibuyu kwa mikono miwili.

Ndama alikufa Jumatano.

Jumamosi iliyofuata bendi iliitwa tena, na Naipanoi akatumiwa gari. Alipanda. Nani mwingine aliujua wimbo? Wageni walikuwa wakila dume. Wilibrodi akapuliza, na Nanyokie akamwita ndama wake, akaita, akaita. Naipanoi akapaza sauti, akaimba kwa nguvu zake zote, ng'ombe asije akagundua kwamba hakuna anayemwitikia.