Saa ya Kamera ya Stoo

Fundi wa kamera alifika Jumatano asubuhi na mapema, ngazi begani na mkoba wa vifaa ukimning'inia kiunoni. Mtaa mzima ulimwita Macho, naye alilipenda jina hilo kiasi cha kulichapisha mgongoni mwa fulana yake.

Mfamasia alikuwa akimsubiri na daftari. Kwa rula na kalamu ya risasi alikuwa amechora ramani ya duka lake la dawa: kaunta, makabati ya kioo, benchi la wagonjwa, korido, na nyuma kabisa stoo yenye mlango wa chuma isiyo na hata dirisha moja. Kila pembe aliipa herufi. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Tangu mumewe afariki, miaka minne sasa, mpangilio ndio uliomshika asianguke.

"Mama, ungekuwa umesomea ufundi ningekosa kazi," Macho alisema akiigeuza ramani. "Haya. Hizi mbili za mviringo tunazibandika darini, moja kaunta, moja benchi. Hii ndefu kama tochi inakaa nje, haiogopi mvua. Zote zinaingia kwenye kinasa kimoja, na picha zinakaa mwezi mzima kabla hazijafutwa."

"Na stoo?"

"Stoo ndiyo yenye kazi." Alikuwa ameshajaribu kuutoboa ukuta wa korido na keekee yake ikavunjika ncha. "Aliyejenga ukuta huu alikuwa anaogopa vita. Waya haupiti. Stoo tutaiwekea kamera ya peke yake, yenye kadi yake ya kumbukumbu ndani. Inanasa ikiona kitu kinatembea tu. Ukitaka kuona, unafungua kwenye simu."

"Humo ndani mwanga ni hafifu."

"Inaona hata gizani. Ila picha itakuwa ya kijivu, usiku na mchana. Usitegemee rangi."

Aliyeshikilia ngazi alikuwa shemeji wa mfamasia, mdogo wa marehemu, ndiye mtunza stoo. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, aliyelala katika chumba cha uani na kushika ufunguo wa mlango wa chuma tangu enzi za kaka yake. Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, alitoa katoni za siku hiyo na kuzipanga nyuma ya kaunta.

"Shemeji, hii itakuwa inaniangalia mimi tu humo," alisema akicheka kidogo.

"Inaangalia dawa, shemeji. Wewe unapita tu."

"Basi nitakuwa nachana nywele kabla ya kuingia."

Walicheka wote watatu. Macho akapanda ngazi, akakaza skrubu, akamwambia mfamasia afuate maelekezo kwenye simu: jina la kamera, neno la siri, tarehe, saa. Wakati huo mteja wa kwanza alikuwa akigonga mlango wa mbele kwa sarafu, na mfamasia hakupenda mgonjwa asubiri.

"Inauliza saa!" alisema kwa sauti. "Saa ngapi huko?"

"Saa tatu kasorobo!" shemeji alijibu kutoka dukani, akiwa ameshakwenda kufungua.

Mfamasia akaandika mbili, akaandika arobaini na tano, akabonyeza kukubali, akakimbilia kaunta.

*

Siku kumi baadaye katoni mbili za pampu za pumu hazikuonekana.

Alihesabu mara ya kwanza, akahesabu mara ya pili akigusa kila katoni kwa kidole. Pampu hizo hazikuwa bidhaa tu kwake. Wiki hiyo mama mmoja alikuwa amekuja na mtoto aliyekuwa akivuta hewa kama anayenyonya kupitia mrija ulioziba, na mfamasia hakutaka kufikiria siku ambayo angemwambia mama kama huyo kwamba zimekwisha.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mle stoo, akafungua simu, akaiita kamera. Orodha ya picha ilikuwa ndefu. Ya kwanza iliyofunguka ilimwonyesha shemeji yake akisukuma mlango wa chuma, akiinua katoni, akiiweka begani na kutoka. Pembeni mwa picha palisomeka 02:41.

Saa nane na dakika arobaini na moja usiku.

Akafungua ya siku iliyotangulia: 02:38, yule yule, katoni mbili. Akafungua ya siku nyingine tena: 02:44. Hakuendelea. Mwanamke aliyezoea kuhakiki kila herufi ya cheti cha daktari, aliyewahi kumrudisha mgonjwa kwa sababu ya nukta moja, hakuifikisha orodha ile mwisho.

Hakumwendea mwenyewe. Alimpigia simu wifi yake, dada mkubwa wa shemeji, akamwomba aje Jumapili alasiri, kwa kuwa jambo la familia halisemwi na watu wawili tu. Alijiambia kwamba huo ulikuwa utaratibu. Huenda alikuwa anaogopa tu.

Jumapili ikafika. Wifi aliketi sebuleni na mkoba wake mapajani bila kuuweka chini. Shemeji aliingia akijifuta mikono.

"Shemeji," mfamasia alianza, "saa nane za usiku huwa unatafuta nini stoo?"

"Saa nane za usiku? Nimelala."

"Kila usiku umelala?"

"Sasa usiku mtu anafanya nini, shemeji? Nalala."

Akampa simu. Mtu yule aliitazama picha yake mwenyewe kwa muda mrefu sana. Aliirudisha nyuma, akaiangalia tena. Mfamasia alisubiri hasira, alisubiri visingizio, na alikuwa ameandaa jibu la kila kimoja. Hakuwa ameandaa jibu la alichokiona: shemeji yake alikuwa akitetemeka.

"Huyu ni mimi," alisema polepole.

"Ni wewe."

"Nimevaa koti la kazi. Dada, hebu tazama. Usingizini mtu anavaa koti?"

Wifi aliichukua simu, akaivuta karibu na macho, na uso wake ukabadilika. "Ulipokuwa darasa la tatu," alisema, "uliamka usiku ukavaa sare, ukabeba na begi. Baba alikukuta langoni macho wazi, unasema umechelewa. Asubuhi hukukumbuka hata chembe."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa wewe."

Mfamasia alijua wakati ule, na alijua baadaye, kwamba hapo ndipo alipopaswa kusema ngojeni kwanza. Lakini pampu zilikuwa zimepotea, na tarakimu zilikuwa pale pale pembeni mwa picha, safi, kama zilizopigwa chapa.

"Mimi sisemi umeiba kwa kukusudia, shemeji," alisema, akidhani anapunguza makali. "Ila dawa zinatoka."

Shemeji alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Kama natembea bila kujijua, basi sijui nazipeleka wapi. Sijui nimempa nani. Leo ni katoni. Kesho nitamimina sumu kwenye chupa ya mtoto wa mtu." Akamgeukia dada yake. "Nichukue. Nikae kwako mpaka ijulikane nina nini."

Jioni hiyo hiyo aliondoka na begi moja.

*

Jumatatu na Jumanne mfamasia alifanya kazi ya watu wawili. Aliamka mapema, akafungua mwenyewe mlango wa chuma, akabeba mwenyewe katoni hadi kiuno kikamuuma. Jumatano mchana wifi akapiga simu.

"Tumepata daktari wa mambo ya usingizi. Anataka hizo picha. Nitumie zote, si moja moja."

Ndipo mfamasia alipoketi nyuma ya kaunta, mteja akiwa hayupo, akaanza kuzihamisha moja baada ya nyingine. Safari hii aliifuata orodha kwa utaratibu wake wa kawaida, kuanzia juu kabisa, kwenye picha mpya kuliko zote.

Mwanamke alikuwa akisukuma mlango wa chuma kwa bega. Alikuwa na koti refu la duka la dawa na kalamu nyuma ya sikio. Aliinama, akajishika kiuno, akainua katoni ya dawa ya kikohozi. Pembeni palisomeka 03:12.

Alijitazama akibeba dawa saa tisa za usiku.

Akili yake ilikataa kwanza. Usiku wa kuamkia leo alikuwa amelala, alikuwa na hakika. Kisha akaikumbuka katoni ile ile: aliibeba asubuhi, saa tatu na dakika chache, na maumivu ya kiuno bado anayo. Akaiangalia saa ya simu yake, akaiangalia ya kamera. Akahesabu kwa vidole, yeye aliyehesabu dozi za watoto kwa kichwa. Kati ya hizo mbili palikuwa na saa sita kamili.

Akashuka na orodha hadi chini. Saa kumi na moja "alfajiri" shemeji alikuwa akifagia. Saa kumi "usiku" alikuwa akipokea mzigo, na nyuma yake alionekana dereva wa gari la dawa akicheka. Picha ya mwanzo kabisa ilimwonyesha Macho akishuka ngazi. Nayo ilisomeka 02:46.

Sauti ya shemeji yake ikamrudia: saa tatu kasorobo. Na vidole vyake mwenyewe vikiandika saa kama inavyotamkwa mdomoni, badala ya inavyoandikwa kwenye mitambo. Hata kijana wa darasa la nne asingekosea hivyo. Yeye alikosea, kwa sababu mtu alikuwa akigonga mlango na sarafu.

Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya tatu baada ya maziko.

*

Wifi alimpokea mlangoni. "Picha umeleta?"

"Yuko wapi?"

"Ndani. Analala mchana, usiku hataki kufumba macho."

Chumba kilikuwa na kitanda na kiti. Shemeji aliketi kitandani, macho mekundu, na kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Ncha ya pili ilikuwa imezungushwa kwenye chaga la kitanda, fundo juu ya fundo. Ngozi ilikuwa imechubuka.

"Nani amemfunga?" mfamasia aliuliza.

"Mwenyewe," wifi alisema. "Na mlango ananiomba nifunge kwa nje."

Mfamasia hakuketi. Aliona kwamba akiketi hatasema. "Hukutembea usingizini, shemeji. Hukuwahi. Ile saa niliiweka mimi, kwa mkono wangu. Niliandika namba mbili badala ya namba nane. Zile zote ni za asubuhi. Ulikuwa kazini."

Akamwonyesha picha ya kalamu nyuma ya sikio. Shemeji aliitazama, akahesabu kwa midomo bila sauti, akaitazama tena.

"Kwa hiyo sitembei usingizini?"

"Hutembei."

Alijifunika uso kwa mikono ile mikubwa. Wifi ndiye aliyelipuka. "Siku tatu! Siku tatu mdogo wangu anajifunga kama ng'ombe, kwa sababu wewe msomi umeshindwa kuandika saa? Ungemuuliza asubuhi ile ile, akiwa na katoni begani, ungekufa?"

"Nisamehe, wifi."

"Usiniombe mimi!"

"Shemeji, nisamehe."

Shemeji alikuwa ameinama akilifungua fundo, na halikutaka kufunguka. Mfamasia alipiga magoti kumsaidia. Walihangaika nalo wote wawili bila kutazamana.

"Katoni zimepatikana?" shemeji aliuliza hatimaye.

Mfamasia angeweza kudanganya. "Hapana. Labda zilitoka pungufu kwa msambazaji. Sijui."

"Basi bado hazijapatikana," alisema, na kamba ikaachia.

*

Shemeji alirudi Jumatatu iliyofuata. Mfamasia alikuwa ameirekebisha saa, akaihakiki mara tatu, kisha akamwambia kwamba kamera ya stoo ataing'oa kabisa.

"Iache, bosi," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Mfamasia alingoja acheke, kana kwamba ni utani. Hakucheka. Akachukua ufunguo, akaenda zake nyuma.

Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyekuja kuchukua dawa za presha. Mfamasia alikuwa akimhesabia vidonge wakati sauti iliposikika kutoka stoo, kubwa kupita kawaida, ya mtu asiye na mazoea ya kupaza sauti.

"Leo Jumatatu. Saa tatu kasoro dakika kumi, asubuhi. Natoa katoni moja, dawa ya kikohozi. Imefungwa. Mikono yangu hii."

Kikapita kimya cha mtu anayeinua kitu na kukigeuza pande zote ili kionekane.

"Natoa katoni ya pili. Mabendeji. Imefungwa."

"Anaongea na nani huko?" bibi aliuliza.

Mfamasia alipoteza hesabu. Akavirudisha vidonge vyote kwenye kopo, akaanza upya, kimoja, viwili, na kule nyuma sauti ikaendelea kutaja saa.